Anayedanganya ni Mhojiwa Peke Yake?

Kila ukizuka ubishi kuhusu takwimu za mambo ya siri, kama ngono, pombe au dawa zisizomezwa, mtu ataitaja VOICE. Utafiti huo ulifanyika Afrika Kusini, Zimbabwe na Uganda kati ya 2009 na 2012. Wanawake zaidi ya 5,000 walipewa vidonge au jeli ya kujaribu kuzuia VVU. Walipohojiwa ana kwa ana, matumizi yalionekana kufikia asilimia 90. Damu ilipopimwa, dawa ilikutwa katika asilimia 25 hadi 30 tu ya sampuli, kutegemea aina ya dawa. Tangu hapo madai hayaishi.

"Usiulize, hesabu vidonge vinavyorudishwa." Vilihesabiwa. Hesabu ikatoa asilimia 86. Kumwaga vidonge nyumbani na kurudisha kopo tupu kliniki hakuhitaji utaalamu wowote.

"Mweke mbele ya kompyuta, hatamwonea haya mtu." Nayo ilitumika humo humo, ikatoa 88. Sikatai kwamba mashine imewahi kusaidia: Marekani, mwaka 1998, ilichapishwa kwamba vijana wa kiume waliosikiliza maswali kwa visikizi na kujibu kwenye kompyuta walikiri ngono ya wanaume kwa wanaume zaidi ya mara tatu kuliko waliojaza karatasi. Lakini mwanamke aliye kliniki anajua kompyuta ni ya nani. Ni ya watu wale wale wanaomtibu bure na kumrudishia nauli, na ambao wangeweza kumwondoa. Kinachomtisha si uso wa mhojaji. Ni hasara itakayofuata jibu lake.

"Basi pima damu, maneno yaacheni." Hili ndilo dai zito, na nusu yake ni kweli: pasipo kipimo cha damu, VOICE ingetangaza kwamba dawa yenyewe ni bure. Ila damu haisemi kwa nini. Baadaye watafiti waliwarudia baadhi ya wanawake hao na kuwaonyesha majibu yao wenyewe ya damu. Siri ilipokuwa imeshafichuka, wengi walifunguka: waliogopa madhara, na waliogopa wakikutwa na dawa hizo wataonekana tayari wana VVU. Hakuna maabara ingeyatoa hayo.

"Mambo ya chumbani hayasemwi kwa mgeni." Mbona yalisemwa Tanzania? Katika utafiti wa kitaifa wa 2009 wa ukatili dhidi ya watoto, karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Mwanamke alihojiwa na mwanamke, mwanamume na mwanamume, faraghani.

"Sarafu ni mchezo wa kamari, si sayansi." Mbinu ya kumficha mhojiwa nyuma ya bahati ilianzishwa na Stanley Warner mwaka 1965. Katika namna yake moja, mtu anarusha sarafu pasipo kuonwa. Kikitoka kichwa anasema "ndiyo" hata kama si kweli, upande wa pili anajibu ukweli. Kati ya watu 100, "ndiyo" 50 hivi ni za sarafu. Ukipata 60, zile 10 za ziada zimetoka kwa 50 waliobaki, yaani asilimia 20. Hakuna anayejua ni akina nani. Udhaifu upo: wako wanaokataa kutamka "ndiyo" hata sarafu ikiwaamuru.

Kwa nesi asiye na maabara wala muda wa sarafu, swali "Unameza dawa kila siku?" limeshajijibu lenyewe. Aulize hivi: "Wengi husahau. Wiki iliyopita wewe ulikosa siku ngapi?"