Taharuki haitaki mbio

Wako vijana wa mitaa ya mashariki ya Nairobi ambao siku hizi wanatengeneza filamu kwa kamera ndogo, na wengine kwa simu zao za mkononi. Juhudi yao ni ya kusifiwa, lakini nina neno nao. Kila nikiletewa kazi yao niitazame, mambo ni yale yale: mtu anakimbia, mwenziwe anamfukuza, bastola inalia, na muziki unapiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho. Wao huiita hiyo taharuki. Mimi naona mbio tu.

Mwenye kutaka kuijua taharuki na aitafute filamu ya Rear Window, yaani Dirisha la Nyuma, aliyoiongoza Alfred Hitchcock mwaka 1954. Staringi wake, James Stewart, hata kusimama hawezi. Ni mpiga picha aliyevunjika mguu, ametiwa plasta, amekaa juu ya kiti cha magurudumu chumbani mwake New York katika siku za joto kali, na kazi yake ni kutazama madirisha ya majirani ng'ambo ya ua. Kamera nayo inakaa naye mle chumbani karibu filamu nzima. Usiku mmoja wa mvua anamwona jirani mmoja, mchuuzi, akitoka na sanduku, akarudi, akatoka tena. Kulipokucha, mke wa bwana yule, aliyekuwa mgonjwa kitandani, haonekani.

Sasa tazama ufundi. Staringi anapitiwa na usingizi, na akiwa amelala, sisi tunamwona mchuuzi akitoka na mwanamke. Ni mkewe, au ni mwingine? Staringi hana habari. Sisi tumeona, wala hatuwezi kumwamsha.

Hitchcock mwenyewe aliifafanua siri hii kwa mfano wa bomu lililowekwa chini ya meza. Likilipuka ghafla, watazamaji watashtuka kwa sekunde 15. Wakijulishwa mapema kwamba liko pale, watatokwa na jasho kwa dakika 15, hata kama waliokaa mezani wanazungumza mambo ya mpira. Na sisi watu wa tenzi tusijifanye wageni hapa. Ubeti una vipande vinne. Vitatu vina kina chao, na cha nne huchukua kina cha bahari, kile kile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Msikilizaji sauti itakayokuja anaijua, neno halijui. Mghani hodari akifika kipande cha tatu huvuta pumzi kidogo, na baraza zima likavuta pamoja naye.

Ndivyo ilivyo pale Grace Kelly, bibie anayempenda staringi, anapoingia chumbani mwa mchuuzi kutafuta pete ya ndoa. Mwenye chumba anarudi. Staringi anamwona, bibie hamwoni, na kati yao upo ua mzima. Hakuna ngoma za kututia hofu. Zinazosikika ni sauti za ua wenyewe, pamoja na piano ya jirani. Polisi wanapofika, bibie anaweka mikono mgongoni na kuonyesha kwamba pete anayo kidoleni. Mchuuzi anakiona kidole kile, kisha anainua macho polepole hadi dirishani kwa staringi. Aliyekuwa akitazamwa sasa anatazama. Dini yetu imekataza kupelelezana, Suratul Hujurat iko wazi juu ya hilo, na filamu hii imetutia katika tendo hilo hilo kwa zaidi ya saa nzima, nasi tukafurahi. Pale mchuuzi anapotutazama, wallahi, mtu hutaka kufunga pazia.

Mimi niliiona kwa kaseti ya video huko Makongeni, miaka ya 90, nilipofikia kwa binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Reli. Mtaa ule ulijengewa wafanyakazi wa reli: safu za vyumba, mlango unatazamana na mlango, na bomba la maji ni la wote. Tulijazana chumbani kimya. Kisha mama mmoja wa jirani akauliza: "Kwani hapo hakuna mtu wa kwenda kupiga hodi akamuulize mkewe yuko wapi?"

Tulicheka, lakini mama yule alikuwa amegusa penyewe. Makongeni mchuuzi yule asingefika saa nne asubuhi. Sanduku la bati likiburutwa usiku, vyumba vitatu vimesikia, kulipokucha, bombani mtu angeulizwa, "Mama fulani mbona hatumwoni?" Mwendo wa taratibu wa Hitchcock unawezekana kwa kuwa ng'ambo ile hakuna abishaye hodi. Naye analijua hilo vizuri. Mbwa mdogo wa jirani anapouawa kwa kufukua bustani, mwenyewe analia kutoka ghorofani, akiwalaumu wote kwamba hawaijui maana ya ujirani. Wote wanatokeza madirishani, isipokuwa dirisha moja lenye giza, na ndani ya giza lile ncha ya sigara inawaka.

Basi vijana wetu wasiige dirisha la New York wala mbio za magari. Kwetu kuta ni nyembamba, na siri yetu ni nyingine: jambo wote wanalijua, na hakuna asemaye. Mke wa chumba cha tatu alipigwa usiku, na kila mtu alisikia. Asubuhi anakuja bombani na mtandio umeshushwa usoni, wanamwamkia vizuri, kisha kila mmoja anaangalia maji. Kamera na iwekwe pale, isisogee. Ndoo ijae polepole, nasi tungoje tuone ni nani atakayefungua kinywa.