Panya wa Kisanga na Askari Wenye Kumbukumbu

Mzazi wa Sanga aweza kuuliza: mbona mtoto aliyekwisha kuugua surua haiugui tena, lakini malaria humrudia mara kwa mara? Swali hili ni la haki, na sehemu ya jibu lake ilitoka katika Katanga yetu wenyewe.

Mwaka 1948, huko Kisanga karibu na Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wataalamu wawili Wabelgiji, Ignace Vincke na Marcel Lips, walikuta katika damu ya panya wa vichakani kijidudu cha malaria kisichojulikana bado. Kikaitwa Plasmodium berghei. Watu hakiwadhuru, lakini panya wa maabara huwaua. Kwa hiyo kikapelekwa katika maabara za nchi nyingi. Ini la panya laweza kufunguliwa na kuchunguzwa. La mtoto haliwezi.

Mwaka 1967, huko New York, Ruth Nussenzweig na wenzake walikidhoofisha kijidudu hicho kwa miali ya eksirei, wakawadunga panya. Wengi wao, walipopewa baadaye vijidudu vyenye nguvu, hawakuugua. Ni nani aliyewalinda?

Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Adui akiisha kushindwa, wengi wao hufa. Wachache hubaki, nao humkumbuka. Watambulikanaje? Wataalamu huzitia chembe rangi zing'aazo, kila rangi ikishika alama yake, kisha huzipitisha moja moja mbele ya mwanga wa leza. Askari asiyepata kukutana na adui ana alama CD44 kidogo; mwenye kumbukumbu anayo tele. Tena, mwenye CD62L hukaa hasa katika tezi, kama akiba kambini. Asiye nayo huzunguka mwilini kama doria. Na wengine, wenye CD69, hukaa ndani ya ini lenyewe, kama mabawabu.

Kijidudu kitokacho kwa mbu huingia ini kwanza, na katika panya hukaa humo kama siku mbili tu. Mlinzi wa mbali atachelewa. Mwaka 2016 wataalamu wa Australia walionyesha kwamba panya waliochanjwa, wakiondolewa mabawabu hao, hupoteza kinga yao.

Basi jibu ni hili: surua ina sura moja, lakini malaria hubadili mavazi yake, na kumbukumbu yake hufifia upesi. Nchi yetu ilianza kutoa chanjo ya malaria mwaka 2024, katika Kongo-Central. Ni sindano 4, na ile ya mwisho ndiyo ikumbushayo askari kazi yao.

Enyi wazazi, palipo na chanjo hiyo, msiikatize njiani. Itunzeni karata ya mtoto. Chandarua kisiachwe, maana chanjo haizuii kila homa. Na mtoto akipata joto, apelekwe siku ile ile kupimwa damu.