Bando Lilipoisha Bagamoyo

Mwezi huu nina kisa ambacho nimesita kidogo kukiandika, kwa sababu si changu peke yangu. Nimemwomba ruhusa mwenzangu. Kasema andika, ila usiseme kwamba nilikuwa naangalia mpira. Samahani baba, bila mpira kisa chenyewe hakiendi.

Iko hivi. Mwezi uliopita tulikwenda Bagamoyo, sisi wawili tu, mtoto tukamwacha kwa bibi yake Tegeta. Kwa wasio wenyeji wa Dar, si mbali, kama kilomita 70 tu. Unapita Bunju, Mapinga, Kerege, Kiromo, minazi inazidi, upepo unabadilika, na mabega yanaanza kushuka yenyewe. Watu wa maofisini tunapenda kusema tunakwenda kubwaga moyo, maana jina la mji ndilo hilo. Wapagazi waliotembea miezi kutoka bara na meno ya tembo mabegani, inasemekana walipoiona bahari walipumua wakasema sasa bwaga moyo. Wengine wanakwambia hapana bwana, hayo ni maneno ya watumwa waliojua wakipanda jahazi hawarudi tena, basi moyo wanauacha hapa hapa. Kila anayekutembeza mjini ana upande wake.

Mimi nilikuwa na mzigo wangu. Kwenye simu yangu kulikuwa na barua pepe yenye umri wa siku 11. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Ulaya, miaka miwili, na ufadhili juu. Niliomba mwaka jana kimya kimya, nikijiambia kwanza sitapata. Nikapata. Na mume wangu nilikuwa sijamwambia hata neno moja.

Usinihukumu haraka. Tuna mtoto wa miaka minne, tuna mkopo wa kiwanja, na yeye kazi yake si ya kubeba kwenye begi akaenda nayo. Kila jioni nilikuwa najiambia leo, halafu inakuwa kesho. Kwa hiyo ile haikuwa mapumziko. Nilimpeleka mume wangu ufukweni nikamwambie.

Unadhani nilimwambia? Tulipiga picha. Boma la Wajerumani la mwaka 1897, picha. Milango ya kuchonga ya Barabara ya India, picha. Misheni ya Kikatoliki ya mwaka 1868, ambapo mwili wa Livingstone uliletwa Februari 1874 baada ya kina Chuma na Susi kuubeba miezi mingi kutoka Zambia ya leo, pale tulipiga mbili, ya kwanza nilifumba macho. Jioni tukakaa kwenye meza ya hoteli, bahari ile pale mbele yetu, pweza wa kukaanga anapoa, yeye kainamia mechi kwenye simu yake na mimi nimeinamia yangu nahesabu nani kazipenda picha. Mnaonisoma mkiwa wawili mnaijua hii. Meza moja, miji miwili.

Sitaki kuilaumu intaneti. Watu wa rika langu tuliipata kwa taabu. Nikiwa sekondari nilikuwa nalipa shilingi 500 kwenye kafe ya intaneti, ukurasa unafunguka polepole kutoka juu kama pazia linaloshushwa, na muda unakwisha picha haijafika kiunoni. Nilikuwa chuoni Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi, ukatuunganisha na dunia kupitia chini ya bahari baada ya miaka ya kutegemea satelaiti. Tulishangilia kweli. Tukasema sasa tutasoma kila kitu! Haya, mimi ni mhariri, nalipwa kusoma, na siku hiyo pale mezani nisingeweza kukutajia kitabu cha mwisho nilichokimaliza kwa raha zangu.

Dakika ya 70 ya mechi, bando lake likaisha. Waifai ya hoteli ilikuwepo kwenye bango tu.

"Mke wangu, niunganishe kwako kidogo."

"Langu nalo limebaki kidogo sana," nikamwambia. Uongo mtupu. "Ila nina kitabu."

Aliniangalia kama nimemwambia nina mbuzi kwenye pochi.

Kitabu chenyewe nilikuwa nimekipakua ofisini wiki ile ile. Nilikuwa natafuta kitu kuhusu Bagamoyo kilichoandikwa na mtu wa Bagamoyo, si Mzungu aliyepita na msafara. Jaribu na wewe uone, utaletewa Livingstone na Stanley mpaka uchoke. Mwishowe nikakutana na jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, ambayo leo ni kata ya Bagamoyo. Alizaliwa yapata mwaka 1869, na yeye ndiye sauti kubwa katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Lakini kukipata! Kwenye jalada jina ni la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya na kuhariri, kwa hiyo ukiandika Mtoro unapata habari zake, kitabu hukioni. Halafu wao waliandika "Wasuaheli". Wewe ukiandika "Waswahili" kama ulivyofundishwa shule, mtambo unaweza kukupita kando, maana unafuata herufi zako, hauna akili ya kubahatisha kama bibi yako anayejua unachotaka kabla hujamaliza kusema. Nilipoandika kama walivyoandika wao, kikatokea. Kurasa zote, zimepigwa picha moja moja, bure, kwenye maktaba ya Internet Archive iliyoko San Francisco. Kwa Kiingereza jina la Mtoro lilikuja kuwekwa mahali pake mwaka 1981, kwenye tafsiri ya J.W.T. Allen. Miaka 78 baadaye.

Basi nikaanza kumsomea. Kwa sauti, kwenye simu, nakuza maandishi kwa vidole viwili. Tukaanzia mambo ya ndoa kwa sababu ndiyo yaliyotuhusu, posa, mahari, harusi, nani anampa nani nini na kwa nini. Kiswahili chenyewe ni chetu lakini kimevaa kanzu ya zamani, tahajia inakukwaza kila mstari wa tatu. Mwenzangu ni mtu wa Songea, maneno mengine yalimshinda. Mimi mama yangu ametoka Kisarawe, na mengine nilikuwa nimeyasikia kwa bibi nikidhani ni yake mwenyewe. Tulicheka sana. Tukahamia kwenye safari za bara, jinsi msafara unavyoandaliwa. Wahudumu wakaanza kukunja viti. Pweza alishakuwa wa baridi na tukamla hivyo hivyo. Mechi hakuiulizia tena, matokeo kayajua Jumapili.

"Huyu mzee aliishia wapi?" akaniuliza.

Nikamweleza ninachokijua. Mwaka 1900 Mtoro alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha za Mashariki. Mwaka 1904 akaoa huko huko, mke wake Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 wakapanda meli waje nyumbani kwake, pwani hii hii. Walipofika Dar es Salaam serikali ya kikoloni ikawakatalia kuingia nchini kama mume na mke. Mume mweusi na mke mweupe, kwa koloni lile ilikuwa kosa tosha. Wakarudishwa Ujerumani. Mtoro hakuiona tena Bagamoyo. Alifia Berlin mwaka 1927.

Akanyamaza kidogo.

"Yaani kafika mpaka Dar?"

"Kafika."

"Kilomita 70?"

"Kilomita 70."

"Na mkewe alikubali kuja huku, hajui mtu, hajui lolote?"

"Walipanda meli pamoja."

Akasema, "Huyo mama alijitosa." Halafu akageuka kuitazama bahari, ambayo saa ile huioni, unaisikia tu.

Nikafunga kitabu, nikafungua ile barua pepe, nikampa simu. Sikuwa nimepanga iwe vile. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima, na takwimu zake za gharama, mimi mwenye shahada ya mawasiliano. Yote iliyeyuka. Nilinyoosha mkono tu.

Aliisoma. Akairudia kuanzia juu. Kisha akaangalia tarehe, na hapo ndipo uso ulipobadilika.

"Siku 11?"

"Niliogopa."

"Siku 11 unalala pembeni yangu na hili?"

Msomaji wangu, nilikuwa nimejiandaa kwa swali la mtoto, la kiwanja, la watu watasemaje kule Songea mke akisafiri. Majibu yote nilikuwa nayo. Kwa hilo la siku 11 sikuwa na jibu, na mpaka leo sina la maana. Kumbe Ulaya haikumuumiza. Kilichomuuma ni kwamba watu wa mbali kabisa, ambao sijawahi hata kuwaona, walijua jambo la nyumbani kwake kabla yake. Tulilala kila mtu kageukia ukuta wake. Naandika ilivyokuwa, sitaki mdhani tulikumbatiana machweo yakiwa nyuma yetu kama kwenye kalenda.

Asubuhi yeye ndiye aliyesema twende Kaole. Ni kama kilomita tano kusini mwa mji, magofu ya misikiti ya mawe na makaburi yenye minara. Pana kaburi ambalo wageni huelezwa kuwa ni la wapendanao waliozama baharini wakazikwa pamoja. Kijana aliyetutembeza alitusimamisha hapo muda mrefu, nadhani kwa vile alituona kimya. Alizijua tarehe zake vizuri, na kila jiwe alilisemea. Nikamuuliza habari za Mtoro bin Mwinyi Bakari. Hakuwa amemsikia.

Sikumshangaa, na mimi mwezi mmoja nyuma nilikuwa simjui. Nikamsimulia, mwenzangu akidakia sehemu ya meli. Tulipofika pale kwamba kitabu kipo, kwa Kiswahili, na ninacho mfukoni, kijana akatoa simu yake, kioo kimepasuka pembeni.

"Dada, nirushie."

Mtandao pale Kaole ulikuwa wa kuvizia. Tulisimama chini ya mbuyu watu watatu, tunaangalia kimstari cha kijani kikisogea, asilimia 20, asilimia 35, kinakwama, tunahama hatua mbili kuelekea baharini, kinasogea tena. Mwenzangu akanishika mkono wa simu, akauinua juu zaidi.

"Hiyo barua," akasema, macho yako kwenye kimstari, "wanataka ujibu lini?"

"Jumatano."

"Basi Jumanne tuijibu. Tukiwa wote."

Faili likaingia. Kijana akalifungua pale pale akaanza kusoma midomo ikicheza, akatusahau, hata pesa yake ya kututembeza tulimkumbusha wenyewe.

Jumanne usiku mtoto alipolala tukakaa mezani, simu moja katikati, tukajibu. Tulichojibu ni siri ya nyumbani kwangu, usinidai. Kitabu tuko kwenye sura ya ngoma, tunasoma kurasa mbili mbili, na sasa hivi zamu ya kusoma ni yake.