Haidrojeni Si Bomu, Uoga Wenu Umekosa Njia

Wasee, nikiongea tu kuhusu Toyota Mirai, lazima mtu aniambie: "Hilo ni bomu la magurudumu." Ati nikumbuke Hindenburg. Haya, tuikumbuke. Ni 1937, chombo cha angani kimejazwa haidrojeni kwenye mifuko laini. Hata hivyo, kati ya watu 97 waliokuwa ndani, 62 walitoka hai. Kwani mfuko na tangi ni kitu kimoja?

Tangi la Mirai limezungushiwa nyuzi za kaboni na linabeba gesi kwa shinikizo la baa 700. Joto likizidi, kuna vali inajifungua na kutoa gesi kabla tangi halijapasuka. Na haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa karibu mara 14, ikitoka inapaa juu na kupotea. Petroli je? Inamwagika chini, inatambaa mtaroni, inangoja cheche. Sachangwan, 2009, lori la petroli lilipinduka na watu zaidi ya 100 wakafa. Mbona petroli hamuiiti bomu?

Sisemi haidrojeni ni maji ya kunywa. Haina harufu, moto wake mchana hauonekani vizuri, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kuwaka. Gereji iliyofungwa bila tundu la juu ni shida ya kweli. Ndiyo maana haya magari yana vitambuzi vya kufunga gesi ikivuja. (Niliacha chuo, sikuacha kusoma.)

Mimi naogopa kituo cha kujaza. Juni 2019, kituo cha Sandvika, karibu na Oslo, kililipuka. Chanzo? Bolti za plagi ya tangi la kituo hazikukazwa ipasavyo. Basi. Wawili waliumia, na hata hao ni kwa sababu mshindo ulifungua mifuko ya hewa ya gari lililokuwa karibu. Toyota na Hyundai wakasimamisha mauzo huko kwa muda.

Sasa rudi Embakasi, Februari 2024. Lori la gesi ya kupikia lililipuka usiku katikati ya nyumba za watu, mahali EPRA yenyewe ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo. Mkakati wa haidrojeni ya kijani ulizinduliwa hapa Nairobi 2023, picha zikapigwa, makofi yakapigwa. Waulizeni hao: bolti za baa 700 atazikagua nani, kwa kifaa gani, na akipitisha kituo kibovu kwa kitu kidogo, atafungwa miaka mingapi?