Leseni si Mwisho wa Mafunzo: Dereva Mpya katika Njia ya Misafara ya Tabora



Kwa miaka mingi, mkazi wa Tabora aliyetaka kwenda Dodoma au Dar es Salaam kwa barabara alijiandaa kwa vumbi la kiangazi na tope la masika. Leo hali imebadilika. Kipande cha Nyahua hadi Chaya, chenye urefu wa kilometa 85 hivi, kimewekwa lami, na Tabora imeunganishwa na Itigi na Manyoni. Upande wa kusini lami inapita Sikonge na Ipole hadi Koga na Mpanda. Aidha, mwaka 2023 Serikali iliruhusu mabasi ya abiria kusafiri tena usiku, baada ya miaka mingi ya katazo. Haya ni maendeleo ya kumshukuru Mungu: mgonjwa anafika hospitali mapema, na mkulima anauza mazao yake yakiwa bado mabichi.

Hata hivyo, barabara nzuri inadai dereva mzuri. Barabara ya vumbi ilimlazimisha dereva mgeni kwenda taratibu, atake asitake. Lami imeondoa kizuizi hicho, na sasa kizuizi pekee kilichobaki ni dhamiri na akili ya mtu aliyeshika usukani. Ndiyo maana inatupasa tujiulize, kama familia ya Mungu: kijana wetu aliyepata leseni mwezi uliopita, nani anamsindikiza?

Tusidanganyike kuhusu leseni ni nini. Inathibitisha kwamba siku ya mtihani, mbele ya mtahini, mtu huyu aliweza kuendesha gari na alizijua alama za barabarani. Haithibitishi atafanya nini ng'ombe watakapokatiza barabara machweo, au tairi litakapopasuka, au abiria watakapoanza kumwita mwoga kwa sababu ameachwa nyuma. Mambo hayo hufunzwa na miezi ya kwanza barabarani, na kwa kawaida ndiyo miezi ambayo tumemwacha peke yake.

Wazee wa njia hii hii walifanya tofauti. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndiko Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji, safari ya takriban kilometa 1,200. Wamisionari wa Afrika wa kwanza waliifuata mwaka 1878, na mmoja wao, Padri Pascal, akafariki Ugogo kabla ya kuiona Tabora. Njia ilikuwa ya hatari, kwa hiyo ilikuwa na nidhamu. Mbele ya msafara alitangulia kirongozi, mtu aliyeijua njia, maji na kambi, na haikuruhusiwa mpagazi yeyote kumpita. Msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla ya jua kuwa kali, maana mtu aliyechoka huanguka na mzigo wake. Tena wasafiri wa karne ya 19 wanaeleza kwamba wavulana wa Kinyamwezi waliandamana na wakubwa wakibeba pembe ndogo za ndovu, kabla hawajakabidhiwa mzigo wa mtu mzima. Hakuna aliyedhani kwamba kijana anaidharauliwa kwa kupewa mzigo mdogo. Alikuwa akilindwa, na msafara mzima ulikuwa ukilindwa pamoja naye.

Hekima hiyo haijapitwa na wakati. Mwaka 1987 nchi ya New Zealand iliweka utaratibu wa leseni kwa hatua: dereva mpya alizuiwa kwanza kuendesha usiku wa manane na kubeba abiria bila kusimamiwa na mzoefu, kisha uhuru ukaongezwa kidogo kidogo. Nchi nyingine zimeufuata, kwa sababu ajali za vijana zilipungua. Sheria yetu nayo haimkabidhi mtu basi la abiria siku anapofaulu mtihani wa gari dogo. Inadai kwanza uzoefu. Tunaweza basi kujiwekea nyumbani, bila kusubiri sheria mpya, kile ambacho misafara iliweka: mzigo mdogo kwanza, na kirongozi wa kumsindikiza anayejifunza.

Mwaka wa kwanza wa dereva mpya uweje? Kwanza, mwendo. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa husogea takriban mita 14 kila sekunde. Likienda 100, ni mita 28. Kabla mguu haujafika kwenye breki, sekunde moja au zaidi imekwisha kupita. Tena mwendo ukizidi mara mbili, umbali unaohitajika kusimamisha gari kwa breki huzidi mara nne. Ndiyo sababu sheria inataka kilometa 50 kwa saa penye makazi ya watu. Kati ya Tabora na Nzega au Sikonge vijiji vimepakana na lami. Mtoto anayevuka kufuata maji hana elimu ya kukadiria mwendo wa gari lako. Wewe ndiye unayepaswa kukadiria mwendo wa mtoto.

Pili, kulipita gari lililo mbele. Mwezi Julai 2016, huko Maweni wilayani Manyoni, katika barabara kuu ambayo wengi wetu huipita tukielekea Dodoma, mabasi mawili yaligongana uso kwa uso na watu wapatao 30 wakapoteza maisha. Barabara iliyonyooka humdanganya dereva kwamba upande wa pili ni wake pia. Dereva wa lori akikuwashia taa ya kukuruhusu upite, mshukuru, lakini usiyakabidhi macho yako kwake. Kama huoni mwisho wa nafasi unayoihitaji, baki nyuma. Penye vumbi la lori, subiri vumbi litulie. Kawia ufike.

Tatu, usiku na uchovu. Katika miezi sita ya kwanza, usisafiri mbali usiku kama huna dharura. Misitu ya miombo haina taa. Kuna mikokoteni ya ng'ombe na baiskeli za mkaa zisizo na kiakisi mwanga, na malori yaliyoharibika ambayo dalili yake pekee ni matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani. Ukiyaona matawi, punguza mwendo mara moja. Usingizi ukija, hauondolewi na muziki wala kwa kufungua dirisha; huondolewa kwa kusimama mahali salama na kulala.

Nne, simu, pombe, mkanda na kofia ngumu. Simu iwekwe mbali na mkono. Anayeendesha asinywe, hata katika sherehe ya Kipaimara ya mtoto wake. Mkanda hupunguza uwezekano wa kufa kwa aliyekaa kiti cha mbele hadi kwa nusu, na kofia ngumu ya bodaboda hulinda kichwa pale tu inapofungwa chini ya kidevu. Ikining'inizwa kwenye usukani haimlindi mtu.

Je, haya ni mambo ya Kanisa? Ndiyo, na si kwa mbali. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo chanzo cha kwanza cha vifo kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kupita kiasi anabeba hatia nzito. Mwezi Juni 2007 Baraza la Kipapa la Huduma ya Kichungaji kwa Wahamiaji na Watu wasio na Makazi Maalumu lilitoa mwongozo kuhusu uchungaji wa barabarani, ukiwa na amri kumi za dereva. Ya kwanza ni ileile tuliyoipokea Sinai, ya kutoua; nyingine inaonya kwamba gari lisifanywe chombo cha kujionesha ukubwa na kuwatawala wengine. Kwa hiyo uendeshaji wa hovyo unaangukia chini ya Amri ya Tano, na una nafasi yake katika kiti cha kitubio.

Hapo tuzitazame dhamiri zetu katika mazoea mawili. La kwanza ni la taa. Dereva akimwona trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo, huwawashia taa wanaokuja ili wapunguze. Wakishampita, wanakanyaga mafuta tena. Tunaiogopa tochi kuliko tunavyoogopa kuua. La pili ni leseni ya njia ya mkato. Anayetoa fedha ili asitahiniwe, na anayezipokea, wote wawili wamefanya jambo linaloweza kumfikia mtu wa tatu asiyewajua, atembeaye kando ya barabara. Kosa hilo haliishii katika fedha.

Lakini lawama zote tusimbebeshe kijana. Tabora ni mkoa wa tumbaku, na malipo ya msimu yakitoka, pikipiki hununuliwa katika familia nyingi. Mara nyingi mwenye pikipiki ni muumini mwenye heshima parokiani, na anayeiendesha ni kijana anayempelekea hesabu kila jioni. Hesabu ikiwa kubwa kuliko uwezo wa siku, tumemwagiza kijana akimbie, hata kama mdomoni tunamwambia aende polepole. Mwenye chombo anashiriki wajibu. Kwa dereva mpya, hesabu ya miezi ya kwanza na ipunguzwe, saa za usiku ziondolewe, na kofia mbili ziwepo, moja ya abiria.

Jumuiya Ndogo Ndogo nazo zina nafasi yake. Kwaya inapoalikwa kwenye upadrisho katika parokia ya mbali, hupangwa nani atapika na nani atabeba vinanda. Ni mara chache huulizwa nani ataendesha, amelala saa ngapi, na kama gari ni la abiria au ni lori la mizigo. Maswali hayo yaingizwe katika maandalizi. Vilevile VIWAWA na UWAKA wanaweza kuwaunganisha madereva wazoefu na wapya: safari kumi za kwanza za mbali, mzoefu akae kiti cha pembeni. Huyo ndiye kirongozi wa leo. Hahitaji mshahara; anahitaji uvumilivu, na heshima ya kijana anayekubali kuambiwa “punguza”.

Parokia nyingi hubariki vyombo vya usafiri, na ni desturi njema. Baraka humwomba Mungu alinde. Haimwondolei dereva wajibu wake. Rozari iliyotundikwa kwenye kioo inamkumbusha kwamba anayetembea kwa miguu mbele yake ni mtoto wa Mama huyo huyo. Msamaria wa Injili ya Luka alimkuta aliyejeruhiwa barabarani akasimama kumsaidia. Dereva mpya anaweza kufanya tendo la huruma mapema zaidi kuliko yule Msamaria: kwa kupunguza mwendo, asiwepo wa kujeruhiwa.

Mzazi unayesoma haya, kama nyumbani kwako kuna leseni mpya, usiishie kumpongeza mtoto wako. Jumapili hii keti naye garini, mwende pamoja hadi parokia ya jirani na kurudi, mchana, taratibu. Kisha mwende tena wiki ijayo.