Gari Lililokwama na Haki ya Njia

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), mwezi huu twapenda kuzungumza na ndugu wasomaji, waume kwa wake, juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni la madereva na mafundi tu, nalo ni kumsaidia mtu aliyeharibikiwa na gari njiani.

Sisi wakazi wa Tegeta twaishi kando ya barabara ya Bagamoyo. Usiku na mchana hupita malori ya saruji yatokayo Wazo, daladala ziendazo Bunju, bajaji, bodaboda, na magari ya wasafiri waendao Bagamoyo hata Msata. Kadiri mtu anavyoipita Bunju kuelekea Mapinga na Kerege, ndivyo gereji na taa zinavyopungua. Gari likizimika huko usiku, na ndani yake yumo mama na watoto wachanga, dhiki yao si ndogo.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba kumsaidia mtu kumpanda mnyama wake, au kumpakilia mzigo wake, ni sadaka. Leo mnyama wetu ni gari. Basi kulisukuma gari la mwenzio, kumshikia taa akibadili tairi, au kumwazima jeki na spana, yote yamo katika mlango huo. Na katika Sura ya Al-Maun wamelaumiwa wanaowanyima wenzao vyombo vya kusaidiana. Wafasiri wa kale walitaja ndoo, chungu na shoka. Jeki isingekosa kutajwa, lau wangeiona.

Hapa huulizwa: Je, ni haramu kudai ujira? La. Mwenye gari la kuvuta magari amenunua dizeli na mnyororo, na fundi ameacha usingizi wake. Ujira wao ni halali. Lakini yafaa bei ipatanwe kabla ya kazi, wala si baada ya gari kwisha kufungwa mnyororo. Ama kumwona mtu amekwama gizani, ukamtajia mara tatu ya bei ya mchana kwa kuwa hana pa kwenda, huko ni kuifanya dhiki ya mwenzio kuwa mtaji, na wanazuoni wamelichukia jambo hilo. Kwa upande wa pili, mwenye gari akiwaahidi vijana chochote, kisha injini ikiwaka akaondoka asitazame nyuma, naye amedhulumu. Jasho la vijana wale ni deni juu yake.

Liko jambo jingine linalotusikitisha zaidi. Lori likiharibika mlimani, utingo huteremka akaweka mawe nyuma ya magurudumu, na matawi ya miti barabarani ili kuwaonya wajao. Hilo ni jema. Lakini lori likipona, huondoka, na mawe hubaki pale pale! Mwenye pikipiki apitaye kabla ya alfajiri hayaoni mpaka yamemwangusha. Mtume (s.a.w.) ametwambia kuwa imani ina matawi sitini au sabini na zaidi, na kwamba lililo dogo kuliko yote ni kuondoa udhia njiani. Ikiwa kuuondoa ni tawi la imani, basi mwenye kuuweka na kuuacha ajiulize amelikata tawi gani. Na wewe upitaye kwa miguu ukayaona mawe hayo, usiseme si yangu, yaondoe.

Kisha yatupasa tukumbuke yaliyotokea Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakalikimbilia na madumu ili kuchota petroli, nalo likalipuka. Waliokufa walipita mia moja. Hatuwahukumu marehemu, twawaombea rehema. Lakini walio hai wajifunze mambo mawili. La kwanza, mzigo wa gari lililopinduka ni mali ya mwenyewe, wala ajali haiufanyi kuwa halali. La pili, mvuke wa petroli huwaka kwa cheche ndogo tu. Msaada ulio bora hapo ni kuwazuia watu wasisogee na kuwaita polisi na zimamoto.

Twajua pia kwamba madereva wengi huogopa kusimama, kwa kuwa wako wezi wajifanyao wamekwama. Hofu hiyo si dhambi, na Mwenyezi Mungu hakutuamuru tujitie katika maangamizo. Asiyeweza kusimama asikose kupiga simu 112, au kuwaarifu watu wa kituo kilicho mbele. Kupita kimya kana kwamba hukuona, ndiko kusikofaa.

Na msaada wataka elimu. Magari mengi ya siku hizi ni ya gia za otomatiki. Hayo hayawaki kwa kusukumwa, na kuyakokota magurudumu yakiwa chini huweza kuharibu gia. Yafaa yapakiwe juu ya lori. Gari livutwalo kwa kamba, ufunguo usitolewe, maana usukani huweza kujifunga. Na injini ikiwa imezimika breki huwa nzito, basi mwendo uwe wa pole.

Enyi akina baba, wekeni garini pembetatu za kuonya, kamba na tochi. Enyi akina mama, waambieni vijana wenu kwamba msafiri aliyekwama mbele ya mlango wenu ni mgeni wenu: mpeni maji, na watoto wake wapateni pa kukaa. Mwenyezi Mungu humsaidia mja wake maadamu mja huyo anamsaidia nduguye, na hakuna ajuaye gari lake litazimika wapi kesho.

Wabillahi tawfiq.