Mwamba ngoma huvutia kwake, hata maabarani

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii haimsazi mwanasayansi.

Mnamo Julai 2023, dunia ilishuhudia jambo hilo. Watafiti wa Korea Kusini walitangaza kuwa wameunda mada waliyoiita LK-99, yenye risasi, shaba, fosforasi na oksijeni. Walidai kwamba hupitisha umeme bila ukinzani wowote katika joto la kawaida, hata kufikia nyuzi 127 za Selsiasi. Tangu Heike Kamerlingh Onnes aigundue sifa hiyo katika zebaki mwaka wa 1911 huko Uholanzi, mada zote zilizothibitishwa kuwa nayo huhitaji baridi au shinikizo kubwa mno. Laiti dai lile lingekuwa kweli, umeme ungesafiri masafa marefu bila kupotea njiani.

Picha za kipande kikielea nusunusu juu ya sumaku zilienea kote. Wapo walioshangilia, wapo walioingia maabarani. Kwa kuwa Wakorea wale walieleza jinsi ya kuipika mada yao, wenzao wa Uchina, India, Marekani na Ujerumani waliipika pia. Ikabainika kwamba kule kuelea kulitokana na usumaku wa kawaida, mfano wa ule wa chuma. Ukinzani nao ulishuka ghafla kwa sababu ya salfaidi ya shaba, uchafu uliosalia katika mapishi, ambao hubadilika hali penye nyuzi zipatazo 104. Wataalamu wa Taasisi ya Max Planck mjini Stuttgart walipounda fuwele safi, waliikuta ni kihami. Kabla ya Agosti kwisha, dai lilikuwa limeporomoka.

Wako wanaoiita hiyo aibu. Mimi siafiki. Aliyetoa mapishi yake hadharani alijiweka tayari kukosolewa, na hiyo ndiyo sayansi.

Aibu iko kwetu. Mwanafunzi akipima ukinzani wa waya na kupata jibu lisilolingana na la kitabu, hulifuta, akaandika la kitabu, naye mwalimu akampa alama zote. Tunamfunza nini ila kuvutia ngoma kwake?

Walimu wenzangu, tumtuze anayeandika alichokiona. Kisha tumwombe jirani yake arudie jaribio lile lile, nao watafute pamoja uchafu ulikojificha.